Tiba ya immunoglobulini kwa watoto wenye sepsisi

Tiba ya immunoglobulini kwa watoto wenye sepsisi ni matibabu ya nyongeza ambapo mtoto mwenye maambukizi makali hupewa kingamwili za watu wengine kupitia mshipa, pamoja na antibiotiki. Sepsisi ni hali ya hatari inayotokea mwili unapopambana na maambukizi kwa namna inayodhuru viungo vyake wenyewe, kama vile mapafu, figo na ubongo.

Asili ya dawa

Immunoglobulini ni protini za damu zinazotambua vijidudu na kusaidia kuviangamiza. Dawa hutolewa katika plazma (sehemu ya majimaji ya damu) ya wachangiaji zaidi ya 1,000, kisha husafishwa kiwandani. Ndiyo sababu bei yake ni kubwa. Inaweza kuleta homa, maumivu ya kichwa, mzio au madhara ya figo.

Kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma hasa katika miezi 3 ya mwisho ya mimba. Kwa hiyo mtoto njiti huzaliwa akiwa nazo chache, na madaktari walitumaini kwamba kumwongezea kungemwokoa.

Utafiti

Jaribio kubwa lililoitwa INIS, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2011, lilihusisha watoto wachanga 3,493 katika nchi 9. Baada ya miaka 2, asilimia 39 ya waliopewa dawa walikuwa wamefariki au walikuwa na ulemavu mkubwa. Kwa wasiopewa ilikuwa vilevile asilimia 39. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 kuhusu sepsisi ya watoto unashauri dawa hii isitumike kwa kawaida. Inaweza kufikiriwa kwa wagonjwa wachache, kwa mfano waliozaliwa na upungufu wa kingamwili.

Afrika ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1961 Sydney Cohen na Ian McGregor walionyesha nchini Gambia kwamba kingamwili za watu wazima hupunguza vimelea vya malaria kwa watoto. Hata hivyo, jaribio la Malawi lililochapishwa mwaka 1992 halikuonyesha faida kwa watoto wenye malaria ya ubongo.

Funzo linalofanana lilipatikana Afrika Mashariki. Jaribio la FEAST (2011) lilihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakiwemo wa Muheza mkoani Tanga. Watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waliopewa maji mengi ya mshipa kwa haraka walifariki zaidi kuliko wasiopewa. Matibabu yanayoonekana ya busara yanaweza kudhuru, hivyo sharti yapimwe.

Tabora na magharibi mwa Tanzania

Tabora ulikuwa mji mkuu wa biashara kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Reli ilifika huko mwaka 1912. Leo wagonjwa wa mkoa huo hutibiwa katika vituo kama Hospitali ya Rufaa ya Kitete na Hospitali ya Nkinga wilayani Igunga. Malaria ipo kwa wingi, nayo humweka mtoto katika hatari ya kuingiwa na bakteria aina ya Salmonella kwenye damu.

Mjini Tabora kuna pia kituo cha damu salama cha Kanda ya Magharibi. Damu ya kuongezewa huokoa watoto wenye upungufu mkubwa wa damu, lakini si sawa na immunoglobulini, ambayo huhitaji kiwanda maalumu.

Msingi wa tiba ya sepsisi ni antibiotiki mapema, oksijeni kwa anayehitaji, sukari inaposhuka, na kutibu malaria ikiwepo. Kwa watoto wachanga hutumiwa mara nyingi ampisilini pamoja na jentamisini. Mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea na asiyeamka vizuri apelekwe kituo cha afya mara moja.