Paa wa Thumuni

Ukitaja manga hapa Unguja, mzee wa Malindi atakwambia Manga ni Uarabuni, kwa Wamanga, ndiko lilikotoka jina la pilipili manga. Vijana wa siku hizi, lakini, wanakusudia vitabu vya katuni vya Wajapani: mapenzi, vichekesho, uchawi kidogo, na mara nyingi mnyama anayesema. Paka Luna wa Sailor Moon, hadithi ya Naoko Takeuchi iliyoanza kutoka mwishoni mwa 1991, ni mmoja wao. Sawa. Lakini msomaji, paa wetu unamjua?

Edward Steere alifika Unguja 1864 pamoja na Askofu Tozer. Kabla hajawa askofu mwenyewe na kulijenga kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa, alikuwa akikaa na watu wa mji huu akiandika ngano zao. Kitabu kilitoka London 1870, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili. Humo mna kisa cha Sultani Darai.

Sultani gani! Ni fukara anayeparua jaani kama kuku, akitafuta punje za mtama. Siku moja akaokota thumuni, sehemu ya nane ya reale. Badala ya kununua chakula, akanunua paa. Watu wakamcheka mpaka basi. Kumbe paa anasema! Paa akaokota almasi, akaipeleka kwa sultani wa mji mwingine, akamposea bwana wake binti.

Hapa ndipo ninapopapenda mimi. Bwana harusi hana nguo, atakwendaje? Paa akamwangushia kipigo cha kweli, akamwacha mtoni, akakimbia kwa mkwe: bwana wangu kaibiwa njiani, kavuliwa kila kitu! Mavazi yakaletwa mbio, harusi ikafungwa. Mfaransa Charles Perrault ana paka mwenye hila kama hizi katika kitabu chake cha 1697, ila paka yule hampigi bwana wake. Wetu ana ukali wa somo.

Nyumba ikapatikana baada ya paa kumkata vichwa nyoka wa vichwa saba. Kisha paa akaugua, na bwana yule akaamuru apewe uji wa mtama. Eti kwani si paa wa thumuni tu! Mke akamsihi, wapi. Akampelekea mgonjwa chakula chema kwa siri, lakini paa akafa, akatupwa kisimani. Baba mkwe ndiye aliyekuja kumtoa.

Mwaka 1901 kisa hiki kilitoka mara mbili kwa Kiingereza, na vitabu vyote viwili vina michoro: cha Andrew Lang, London, na cha George Bateman, Chicago, ambaye fukara anamwita Hamdani. Michoro ya watu wa mbali, kwa hadithi ya barazani kwetu. Mchoraji wa Unguja akikishika leo, namwomba ampe binti nafasi yake, maana msimulizi kamwacha bila hata jina, na yeye peke yake nyumba nzima ndiye aliyejua paa ni nani.

Usiku ule binti aliota yuko kwao, akaamka yuko kwao kweli. Mumewe akaota anaparua jaani. Akafumbua macho, jaa lile lile.