Maji ya moto ya bi arusi: kutoka hamamu za Unguja hadi bafu la Ulyankulu



Bi arusi mmoja niliyemshonea nguo za harusi alinijia na swali ambalo si la kitambaa. Mumewe anafanya biashara Ulyankulu, mkoa wa Tabora, na nyumba yao huko imefika hatua ya kuvuta waya. Fundi anataka jibu: bafuni kutafungwa hita ya papo kwa papo, ile ndogo isiyo na tangi inayopasha maji yanapopita, au hakufungwi kitu? Mama yake kasema bara kuna baridi, mtoto wake hendi kuogea maji ya mtungi alfajiri. Mume kasema wengine wanateleka maji jikoni na maisha yanakwenda. Akaniuliza mimi kwa sababu anajua niliwahi kuifunga nyumbani, na waya uliungua mwezi wa pili.

Nikamwambia anipe siku chache. Nilipokaa kulifikiria niliona swali lake ni la zamani kuliko umeme.

Sisi watu wa Unguja tunapenda kujisifu kwa hamamu. Ukipanda Kidichi, kaskazini ya mji, utaziona zile alizojenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrzad, mjukuu wa Shah wa Uajemi. Kuta zake zimenakshiwa maua kwa chokaa mpaka leo unaweza kuyafuata kwa kidole. Mji Mkongwe tuna Hamamni, iliyojengwa zama za Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, kwa mkono wa fundi Haji Gulamhussein. Ile ilikuwa ya watu wote wenye kuweza kulipa, na ilifanya kazi mpaka mwaka 1920. Barghash huyo huyo ndiye aliyeuletea mji maji ya bomba.

Wageni wanapiga picha za kuba na vidirisha vya nyota. Mimi kila nikiingia Hamamni nauliza tanuri lilikuwa wapi. Hamamu haijipashi moto. Chini yake kuna moto, na moto unataka kuni, na kuni zinataka mgongo wa mtu. Jina la bibi wa Kidichi tunalo, jina la fundi wa Hamamni tunalo. La aliyeamka usiku kutia kuni hatuna, na Kidichi ilipojengwa soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado liko wazi. Lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria 1897.

Majumbani mwetu ambako hakukuwa na hamamu, tanuri lilikuwa mafiga matatu, na mtu wa kuni alikuwa mwanamke. Angalia ni wakati gani maji ya moto hayakukosekana nyumbani kwa bibi zetu. Somo akimwosha bi arusi baada ya kumsinga, maji yapo. Mzazi akikandwa siku zake arobaini, sufuria haliteremki jikoni. Maiti akioshwa, maji yanapashwa kidogo. Mambo yote makubwa ya mwili wetu yanapita kwenye maji ya moto, na nyuma yake yupo dada, shangazi au mtoto wa kike aliyekwenda kuokota vijiti.

Sasa tusafiri na bi arusi wetu, maana njia anayokwenda ilipitwa na watu wa pwani zamani sana. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilikata nchi kwa miguu, miezi kadhaa, mpaka Tabora, ambayo wakati ule iliitwa Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe. Burton na Speke walipofika hapo Novemba 1857 waliwakuta Waarabu wa kwetu wamekwisha kukaa na kujenga. Baba yake Tippu Tip alikuwa na maskani Ituru, karibu na Tabora. Walijenga matembe, nyumba za udongo zenye paa bapa na ua wa katikati. Livingstone alikaa katika moja ya hizo, Kwihara, mwaka 1872. Walichukua kwao mchele, mitende na Kurani. Hamamu hawakuichukua. Na hata wangetaka, upande wa magharibi wa Tabora alikuwepo Mtemi Mirambo, na Ulyankulu ilikuwa ndani ya himaya yake. Vita vyake na Waarabu vya mwaka 1871 viliifunga njia ya Ujiji hata Stanley ikambidi azunguke kusini. Mirambo alifariki Desemba 1884 na jina lake liko kwenye barabara za miji yetu.

Kwa swali la bafu, historia inayonihusu zaidi ya Ulyankulu ni ya karibuni. Mwaka 1972 Serikali iliwapokea wakimbizi waliokuwa wakikimbia mauaji Burundi, na Ulyankulu ikafanywa makazi yao, kama Katumba na baadaye Mishamo. Walipewa msitu wa miombo, majembe na mbegu. Waliufyeka, wakalima mahindi na tumbaku, wakaulisha mkoa. Lakini ilipofika katikati ya miaka ya 1970 ilionekana watu ni wengi kuliko ardhi na maji ya pale, na maelfu wakahamishiwa Mishamo, makazi yaliyofunguliwa 1978. Fikiri mama aliyekwisha kujenga jiko lake kwa mara ya pili maishani, anaambiwa afunge tena mizigo kwa kuwa maji hayatoshi. Mwaka 2014 zaidi ya watu 150,000 wa makazi haya matatu walipewa uraia wa Tanzania, na majirani wa bi arusi wetu wengi watakuwa watoto na wajukuu wa hao.

Ndipo nilipomwambia: mwanangu, unakwenda mahali ambapo maji yaliwahi kuwahamisha watu. Usianze na hita. Anza na maji.

Kifaa chenyewe si kipya kama kinavyoonekana dukani. Mwaka 1868 Muingereza Benjamin Waddy Maughan, huko London, alitengeneza mtambo wa kupasha maji ya kuogea kwa moto wa gesi wakati yanapita. Haukuwa na bomba la kutolea moshi nje, kwa hiyo mtu alioga huku akivuta hewa ya sumu. Mpaka leo hita za gesi za papo kwa papo zinaua watu zikifungwa ndani ya bafu lisilo na tundu, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Ukitaka ya gesi, ifungwe nje ya ukuta. Shawa ya umeme tunayoiona madukani kwetu, ile kama kichwa kikubwa cha plastiki, ilienea kutoka Brazil, nchi ambayo mpaka leo inazitumia kwa mamilioni.

Ndani yake kuna koili tu. Maji yanaigusa, yanatoka moto. Hayakai, hayahifadhiwi. Ndiyo uzuri wake, na ndiyo tabu yake, kwa kuwa kazi ambayo hita ya tangi inaifanya kwa saa nzima, hii inaifanya kwa nukta. Shawa ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24 hivi. Waya wa taa na waya wa soketi za kawaida haukufanywa kwa mzigo huo. Kosa langu lilikuwa hapo: fundi aliniungia kwenye waya wa soketi, nami sikujua kuuliza. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, wa milimita 6, kikata umeme chake cha ampea 32, na waya wa ethi uliochimbiwa kweli ardhini, si uliofichwa ukutani ukaishia hewani. Bafuni umelowa, huna kiatu. Ethi ndiyo inayokutenganisha na shoti.

Sasa hesabu. Tabora iko juu ya uwanda wa karibu mita 1,200, na Juni na Julai usiku joto hushuka mpaka kama nyuzi 15. Tuseme maji ya tangi yana nyuzi 20. Shawa ya kilowati 5.5, maji yakipita lita 4 kwa dakika, itayaongeza nyuzi 20, yatoke na 40. Hayo ni mazuri kabisa. Lakini hiyo ni umeme ukiwa volti 230. Kijijini mwisho wa laini, jioni kila mtu kawasha, ukishuka hadi 180 ile shawa inabaki na nguvu ya kilowati 3.4 hivi. Maji yatatoka na nyuzi 32, vuguvugu la kukera, na huna la kufanya ila kupunguza bomba mpaka yatone.

Halafu LUKU. Dakika nane za kuoga ni lita 32 za maji na kama robo tatu ya uniti. Watu wanne kwa siku, mwezi mmoja ni uniti 88 kwa kuoga tu. Wateja wadogo wa TANESCO wasiozidi uniti 75 kwa mwezi wana bei yao nafuu; shawa peke yake inaweza kukutoa humo, hapo hujawasha taa wala friji. Ndoo moja ya lita 15 iliyopashwa mpaka joto hilo hilo inakula chini ya nusu yake. Na Mtume wetu, sallallahu alayhi wasallam, imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba alikuwa akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Pishi hiyo ya Madina ni kama lita mbili na nusu hadi tatu. Chini ya dakika moja ya shawa.

Maji yenyewe yakoje? Sisi wa visiwani tunajua visima vya karibu na bahari vina chumvi, na maji ya chumvi yanapitisha umeme upesi na yanakula koili. Wengi wetu tumewahi kusikia kale kakutetemesha ka bomba la shawa. Ulyankulu hakuna bahari, lakini maji ya kisima kirefu huwa na madini. Nilimwambia achemshe maji ya pale kwenye birika moja wiki mbili. Akiona ukoko mweupe chini, koili yake itavaa ukoko huo huo. Zipo shawa zinazouzwa maalumu kwa maji ya chumvi. Aulize kabla ya kununua. Na simtanki liinuliwe, angalau mita mbili juu ya kichwa cha shawa, la sivyo presha haitoshi na kifaa hakiwaki.

Hapa kuna dada atauliza, na josho la janaba alfajiri, hita haikuwaka, je? Dini haikumwacha mtu kwenye baridi. Amru bin al-Aas, katika safari ya Dhatu-Salasil mwaka wa 8 Hijria, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akaogopa kuoga kungemwangamiza, akatayamamu na akaswalisha wenzake. Mtume alipoelezwa sababu alicheka na hakumkemea. Kisa kiko kwa Abu Daud. Ila wanavyuoni wanatukumbusha kwamba mwenye uwezo wa kuyapasha maji huyapasha kwanza. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar, radhiya Allahu anhu, alikuwa akipashiwa maji. Kwa hiyo kupasha maji si udeko, na kukosa umeme si udhuru wakati jiko liko hapo.

Tena umeme kukosekana tunakujua sisi. Desemba 2009 waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara ulikatika, Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Harusi hazikusimama. Masomo waliwaosha mabiarusi kwa maji ya jikoni, na mimi nilijifunza kupiga cherehani cha mguu.

Shauri nililompa ni hili, na ni la nyumba yake, si la kila nyumba. Avute ule waya wa milimita 6 sasa, kabla ya plasta, pamoja na ethi, kwa sababu kubomoa ukuta baadaye ni ghali kuliko shawa yenyewe. Shawa asiinunue bado. Akae msimu mmoja wa baridi apime volti jioni, aone ukoko wa birika, ajue simtanki linajazwa na nani. Na baridi ya Tabora inakuja kiangazi, jua likiwa kali na mbingu hazina wingu, kwa hiyo hita ya jua yenye tangi lililofunikwa vizuri inaweza kumfaa zaidi; maji yapashwe mchana, yakute alfajiri bado yana joto. Nyumba ya mjini Tabora au ya hapa Unguja yenye umeme mzuri na watu wawili tu, ningesema fungeni tu shawa.

Mama yake hakufurahi. Alisema nimemtetea mkwe. Nikamwomba ampe mtoto wake, pamoja na kanga na udi, birika kubwa la bati na jiko la mkaa linalohifadhi moto, lakini mkaa usiwashwe chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Na nikamuuliza bi arusi swali ambalo hakulitarajia: wakati hita haipo, nani atateleka maji ya alfajiri, wewe au yeye? Alicheka, akasema atamuuliza kabla ya siku ya nikaha. Juzi kaniandikia. Waya umeshavutwa, na mume kasema kuni atapasua yeye.