Bendera ya Tanganyika: anayeipeperusha leo anasema nini?

Katika ofisi za serikali Bumbuli, kama kwingine nchini, hupepea bendera ya Taifa yenye kijani, njano, nyeusi na bluu. Lakini kwenye mitandao ya kijamii baadhi ya Watanzania huweka bendera isiyo na bluu: ya kijani, yenye ufito mweusi katikati uliozungushiwa njano juu na chini. Hiyo ni bendera ya Tanganyika.

Ilipandishwa Uhuru ulipopatikana, 9 Desemba 1961, na Luteni Alexander Nyirenda akaisimika kileleni Kilimanjaro pamoja na Mwenge. Haikudumu miaka mitatu. Baada ya Muungano wa 26 Aprili 1964, rangi zake ziliunganishwa na bluu ya Zanzibar katika bendera tuliyo nayo.

Kwa nini basi inarudi? Zanzibar ina serikali yake, na tangu Januari 2005 ina bendera yake. Tanganyika haina. Kwa wengi, kuipeperusha ni kudai serikali ya tatu. Dai hilo ni la zamani: mwaka 1993 wabunge waliojulikana kama G55 walilipeleka bungeni, Mwalimu Nyerere akalipinga. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza serikali tatu, lakini Bunge Maalumu la 2014 likabaki na mbili. Bumbuli nayo imo katika habari hii: January Makamba, akiwa mbunge wa jimbo hili, alikuwa waziri wa masuala ya Muungano hadi 2019.

Wanaoipinga bendera hiyo husema inachochea utengano. Wanaoipenda hujibu kwamba nchi iliyopata uhuru 1961 iliitwa Tanganyika, si Tanzania Bara.

Si kila bendera ya zamani hubeba uzito uleule. Afrika Kusini, mwaka 2019, mahakama iliamua kwamba kupeperusha ovyo bendera ya enzi ya ubaguzi ni kauli ya chuki, kwa kuwa iliwakilisha utawala uliowakandamiza wengi. Ya Tanganyika ilikuwa bendera ya ukombozi. Ubishi wake ni juu ya muundo wa Muungano.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukiiona tazama imewekwa lini na pamoja na maneno gani. Tarehe 9 Desemba huenda ni kumbukumbu tu. Ikiambatana na madai ya Katiba mpya, ni hoja ya kisiasa, na inastahili kujibiwa kwa hoja.