Amboseli: Mbuga ndogo inayotegemea malisho ya jirani

Mbuga ya Kitaifa ya Amboseli, katika Kaunti ya Kajiado, ina ukubwa wa kilomita mraba 392 pekee. Wageni wanaolala katika hoteli za Ol Tukai huamka alfajiri kuutazama Mlima Kilimanjaro, nchini Tanzania, kabla haujafunikwa na mawingu, kisha huwafuata ndovu hadi kwenye vinamasi. Maji ya vinamasi hivyo hutoka mlimani yakipitia chini ya ardhi, nayo hayakauki upesi wakati wa kiangazi. Usiku ndovu wengi hutafuta malisho nje ya mbuga, katika ardhi ya Wamaasai, ambao ndio waliopoteza vinamasi hivyo mbuga ilipotangazwa mwaka wa 1974. Sehemu ya ardhi hiyo imegawanywa na kuzungushiwa ua, na mapito ya ndovu yanazidi kuwa membamba.