Kamera ya Bei Nafuu na Sauti Tuliyoisahau

Juzi binamu yangu alinipigia simu kutoka Voi. Amemaliza kidato cha nne, ana akiba kidogo, na anataka kuanza kutengeneza filamu. "Kaka, ninunue kamera gani?" Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, jamaa zangu huniuliza kuhusu kila kitu chenye betri. Nilimwomba siku mbili. Jibu langu ni hili, nalo linaanza mbali kidogo, kwa sababu kosa analokaribia kulifanya nililifanya mimi mwaka 2006.

Turudi nyuma basi. Mwaka 1983 Sony walitoa Betamovie, kamera ya nyumbani iliyoweka lenzi na kanda katika chombo kimoja. Kabla ya hapo ulishika kamera mkononi na mtambo wa kurekodi ukauning'iniza begani. Betamovie ilirekodi tu. Ukitaka kuona ulichopiga, sharti urudi kwenye deki yako nyumbani. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kuhariri. Kanda za analogi zilinakiliwa kutoka moja hadi nyingine, na kila nakala ilififia kuliko mama yake, kama fotokopi ya fotokopi. Hata hivyo watu hawakungoja. Mwaka 1992 Mnigeria Kenneth Nnebue alitoa Living in Bondage, filamu ya Kiigbo iliyopigwa kwa VHS na kuuzwa kwa kanda moja kwa moja kwa watazamaji. Biashara tunayoiita Nollywood ilipata nguvu hapo.

Mageuzi yalikuja mwaka 1995, Sony walipotoa DCR-VX1000 inayotumia kanda ndogo za MiniDV. Wengi walisifu picha yake. Mimi nasifu tundu lake la FireWire. Picha sasa ilikuwa namba, na kebo moja ilizihamisha hadi kwenye tarakilishi bila kupoteza hata moja. Video ilikwenda kwa megabiti 25 kwa sekunde, hivyo saa moja ilijaza takriban gigabaiti 13 za diski. Kila fremu ilibanwa peke yake, kwa hiyo ungeweza kukata popote bila mashine kukokotoa fremu za jirani. Mwaka 1998 filamu ya Kidenmaki, Festen, iliyopigwa kwa kamera ndogo ya mkononi, ilipata Tuzo ya Majaji huko Cannes. Mpiga picha wake, Anthony Dod Mantle, ndiye aliyepiga pia 28 Days Later ya mwaka 2002 kwa Canon XL1.

Nami nikapata moto. Mwaka 2006 nilinunua kamera ya MiniDV iliyotumika, ndogo ya kutosha kiganjani. Nilikagua zumu, nikakagua kioo, nikakagua betri. Sikukagua ubavuni. Haikuwa na tundu la maikrofoni.

Nikaenda nayo Taita kumrekodi nyanya yangu akisimulia jinsi familia yetu ilivyohamia bondeni. Nyanya alizungumza polepole, akinyamaza kati ya sentensi na sentensi. Kamera ile ilijipandishia sauti yenyewe kila ilipoona kimya, na hakukuwa na kitufe cha kuizuia. Alipotua kuvuta pumzi, kamera iliinua upepo, jogoo na mlio wa injini yake yenyewe. Alipoanza tena, maneno yake ya kwanza yalimezwa. Sikujua lolote, maana sikuvaa vipokea sauti. Nilijua niliporudi Nairobi na kuchomeka kebo. Nikajiambia nitarudi Desemba. Nyanya hakufika Desemba.

Usidhani ni kamera za bei ya chini tu. Mwaka 2008 Canon walitoa EOS 5D Mark II, kamera ya picha za kawaida iliyopiga pia video nzuri ajabu. Ilikuwa na tundu la maikrofoni, lakini nayo ilijipandishia sauti yenyewe. Mwaka 2009 mwanaprogramu Trammell Hudson aliandika Magic Lantern, programu ya kuongezea kwenye kamera hiyo, iliyoonyesha kiwango cha sauti na kuzima kiherehere kile. Canon wenyewe waliruhusu kurekebisha sauti kwa mkono mwaka 2010. Nayo Tangerine ya Sean Baker, iliyoonyeshwa Sundance mwaka 2015, ilipigwa kwa simu za iPhone 5s. Watu husimulia habari za simu tu. Sauti yake ilirekodiwa kwa vifaa vya kitaalamu, mbali na simu.

Unaona mtindo wake? Kila kizazi picha inashuka bei kwanza. Sauti inaachiwa mnunuzi ajitafutie.

Basi binamu, fanya hivi. Ikiwa simu yako inapiga picha safi, anza nayo. Ukinunua kamera iliyotumika, tafuta tundu la maikrofoni kwanza, kisha uwezo wa kuweka sauti kwa mkono, kisha tundu la vipokea sauti. Megapikseli ziulize mwisho. Piga fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za mirija zitametameta ukienda kinyume. Tenga sehemu ya akiba kwa maikrofoni ndogo ya kubana kwenye shati. Na kabla hujamlipa muuzaji, rekodi dakika moja hapo dukani, uisikilize yote.

Ile kanda bado ninayo. Nimejaribu kuisafisha kwa programu tatu tofauti, lakini upepo na sauti ya nyanya vimekaa pamoja, na nikipunguza kimoja kingine kinaondoka. Picha iko safi kabisa. Namwona akitaja jina la mtu aliyetutangulia kule bondeni, midomo inacheza, na jina silisikii. Wazee wanaolijua wamebaki wawili. Ukishanunua, anza na hao.