Kusema Kingereza mu kalasi: telefone moja inatosha kwa kuanza

Kamatanda, mu Likasi, mwanafunzi anaishi na Kiswahili nyumbani na ku soko, na Kifransa ku masomo. Kingereza anakiandika mu kaye, lakini kukisema ni shida. Na kazi yake iko karibu: ukivuka Kasumbalesa, uko Zambia, kwenye Kingereza ni lugha ya serikali. Tena tangu 2022 Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kifransa chenyewe kinachanganya. Maneno "table", "village" na "nation" yanaandikwa sawasawa mu lugha zote mbili, ila hayatamkwi sawa. Anayejifunza kwa macho tu atayasoma Kifransa. Ndiyo maana sikio litangulie.

Telefone ya mwalimu inasaidia hata pasipo intaneti. Anapakua mazungumzo mafupi mbele ya somo. Kalasi inasikiliza, inarudilia. Kisha wawili wawili: mmoja anauza, bei ziko ku karatasi yake, mwingine hazioni, lazima aulize. Mu kalasi ya watu 50, watu 25 wanasema pamoja, badala ya mmoja kujibu mwalimu. Mwisho, wachache wanarekodiwa, wanajisikiliza, wanajisahihisha.

Lakini telefone haiondoi haya. Mtoto akikatwa ku kila kosa, ananyamaza. Afazali mwalimu aandike makosa, ayasahihishe nyuma.

Mzazi naye, hata hajui Kingereza, aulize jioni: "Leo mulisema nini? Nisikilizishe."