Kabula wa Mvua na Kabula wa Bibi: Jina la Kike la Kisukuma katika Lalago

Kabula ni jina la kike la Kisukuma. Mwenzake wa kiume ni Mabula, na yote mawili yametokana na mbula, yaani mvua. Katika Lalago, mji mdogo wa Wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, na katika vijiji vinavyouzunguka, ni jina la nyanya na la mjukuu, la mkulima wa pamba na la mwanafunzi wa sekondari. Anayeuliza maana yake hujibiwa upesi kwamba Kabula ni mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Jibu hilo ni sahihi kwa asili ya jina, lakini halielezi kwa nini wanawake wengi kiasi hicho wanalichangia, wakiwamo waliozaliwa katikati ya kiangazi. Hoja ya makala hii ni kwamba mvua huliingiza jina katika ukoo mara moja tu. Baada ya hapo linaenezwa na urithi, na katika miongo ya karibuni linahamishwa na fomu za ofisi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza maana ya jina, mtafiti anapaswa kuuliza limekaa wapi katika mfuatano wa majina ya mwenye nalo.

Mvua, tukio na ngazi za majina

Lalago iko upande wa mashariki wa Usukuma, kwenye barabara itokayo Kolandoto, karibu na Shinyanga, kwenda Mwanhuzi wilayani Meatu. Kisukuma cha huko ni cha lahaja ya mashariki, Jinakiiya. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei, ingawa aghalabu hukatika katikati. Juni hadi Septemba ni kiangazi. Pamba, mahindi na mtama hutegemea mvua hiyo hiyo moja. Ikichelewa, mwaka mzima umeharibika.

Uzito huo wa mvua ulionekana pia katika utawala. Ntemi, yaani mtawala wa jadi wa Kisukuma, alihesabiwa kuwa na dhamana ya mvua ya nchi yake, akishirikiana na waganga wa mvua, na ukame wa muda mrefu ungeweza kumvunjia heshima hata akaondolewa. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa elimujamii katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliandika juu ya taratibu za utemi huo katika kitabu chake cha mwaka 1951. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini mvua haikupoteza nafasi yake katika majina.

Hata hivyo, msimu peke yake haumfanyi mtoto aitwe Kabula. Mvua za Lalago huchukua zaidi ya nusu ya mwaka. Kama kila msichana wa masika angepewa jina hilo, basi zaidi ya nusu ya wasichana wangekuwa akina Kabula, na haiko hivyo. Jina hutolewa pale mvua inapokuwa tukio lenye kukumbukwa: imenyesha saa ile ile ya uchungu, imemkuta mama njiani, au ni ya kwanza baada ya ukame uliowakatisha watu tamaa.

Isitoshe, tukio la mvua hushindana na matukio mengine, na si matukio yote yaliyo sawa. Mapacha huitwa Kulwa na Doto, wa kwanza na wa pili, wawe wa kike au wa kiume. Anayewafuata ni Shija. Mtoto aliyetanguliza miguu ni Kashinje. Majina haya yanahusu jinsi mtoto alivyokuja duniani, nayo hutangulia yale ya mazingira: pacha aliyezaliwa usiku wa mvua kubwa ataitwa Kulwa au Doto, si Kabula. Chini ya ngazi hiyo ndipo yanapokuja majina ya hali ya nje, kama Limi, la jua; Njile, la njia; na Nyanzala, la njaa. Kabula yumo katika kundi hili la pili. Ni jina la mtoto ambaye kuzaliwa kwenyewe hakukuwa na jambo la ajabu, ila siku au saa yake ilikuwa na jambo.

Majina ya ngazi ya kwanza hayajali jinsia. Ya ngazi ya pili mara nyingi huijali. Kabula na Mabula wanatofautiana kwa kiambishi tu, na kiambishi hicho ndicho kinachomwambia msikilizaji wa Kisukuma kwamba anayetajwa ni mwanamke au mwanamume. Jambo hilo litahitajika tena hapa chini, kwa sababu ndilo la kwanza kupotea jina linapofika ofisini.

Jina linaporithiwa

Jina likishaingia katika ukoo, halimngoji tena mtoto wa mvua. Wasukuma, kama jamii nyingi za Tanzania, huwapa watoto majina ya babu na bibi, waliokufa au walio hai. Sababu moja ni heshima ya kawaida. Nyingine ni imani juu ya masamva, wahenga wa ukoo, ambao hudhaniwa kudai wakumbukwe. Mtoto akilia mfululizo bila ugonjwa unaojulikana, wazee husema analilia jina. Nfumu, yaani mganga mpiga ramli, huulizwa ni mhenga gani anayetaka kurudi, na jina la mhenga huyo hupewa mtoto. Hata katika familia za Kikristo, ambako ramli imeachwa, desturi ya kumrudisha bibi kwa jina imebaki.

Kwa njia hii hupatikana Kabula wa aina ya pili, Kabula wa bibi. Huyu anaweza kuwa amezaliwa Agosti, vumbi likitimka barabarani, na mvua ya jina lake ilinyesha vizazi viwili au vitatu nyuma. Mwenendo wa nyumbani unaonyesha kwamba familia zenyewe hutofautisha aina hizi mbili bila kuhitaji msamiati maalumu. Baba ambaye binti yake amepewa jina la mama yake mzazi mara nyingi hatamwita jina hilo waziwazi, atamwita “mama”. Bibi naye humtania mjukuu kama mtu wa rika lake, akimwita somo au wajina. Kabula wa mvua hana taratibu kama hizo. Jina lake ni kumbukumbu ya siku, na yeyote anaweza kulitamka.

Matokeo yake kwa utafiti ni ya wazi. Idadi ya akina Kabula katika kijiji haiwezi kutumiwa kama kumbukumbu ya miaka ya mvua. Kabula mmoja wa mvua, akiwa na wana wanne, anaweza kuwa na wajukuu wanne wanaobeba jina lake, mmoja katika kila nyumba, bila tone la mvua kuhusika.

Kuwatofautisha wanaochangia jina

Jina linalochangiwa na wengi halitoshi kumtambulisha mtu. Siku ya kliniki, muuguzi akiita “Kabula” peke yake, huenda wakainuka wanawake zaidi ya mmoja. Ndiyo maana jina huongezewa kitu, na kinachoongezwa hubadilika kadiri maisha ya mwanamke yanavyoendelea.

Akiwa msichana, hutajwa kwa baba: Kabula ng'wana Masanja, yaani Kabula mtoto wa Masanja. Akiolewa na kuhamia kwa mume, baba yake hajulikani sana huko, na jina la ubini hupungua kazi. Akijifungua, jina la mtoto wa kwanza huchukua nafasi: sasa ni Mama Shija au Mama Doto, na majirani wa ukweni wanaweza kuishi naye miaka mingi bila kulitumia jina la Kabula. Akizeeka, huitwa bibi, na jina lake mwenyewe hurudi mdomoni mwa watu kupitia kwa mjukuu aliyepewa. Wakati watu wameacha kumwita mwanamke kwa jina lake, ndipo jina hilo linapoandaliwa kwa mwingine.

Kwa mtazamo huo, wingi wa akina Kabula si kasoro ya mfumo. Jina halikukusudiwa kumtenga mtu mmoja na wengine wote. Kazi hiyo imeachiwa baba, mtoto na mahali anapokaa. Jina lenyewe limepewa kazi ya kumfunga mwanamke na tukio au na mtu aliyemtangulia.

Jina ofisini

Fomu ya serikali ina mtazamo mwingine. Cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) na kitambulisho cha taifa kinachotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) humtaka kila mtu awe na jina la kwanza, la kati na la mwisho, majina yasiyobadilika kadiri umri unavyokwenda. “Mama Shija” haliandikiki. Pamoja na hayo, ubatizo uliongeza jina la dini. Wakatoliki wa eneo hili walipata mamlaka yao ya kanisa, iliyoitwa kwa jina la Maswa, mwaka 1950, nayo ikawa Jimbo la Shinyanga mwaka 1956. Waprotestanti wa misheni ya Africa Inland walikuwa Usukumani tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Mpangilio uliotokana na hayo unaonekana kwa watu wanaojulikana hadharani. Miongoni mwa wabunge wa Viti Maalumu walioingia bungeni mwaka 2020 walikuwamo Kabula Enock Shitobela wa Mwanza na Minza Simon Mjika wa Simiyu. Kila mmoja ana jina la kike la Kisukuma mwanzoni na jina la Kikristo katikati. Mfuatano huo unavunja dhana iliyozoeleka kwamba majina ya asili ni ya kizazi kilichopita na ya dini ni ya kizazi kipya. Jina la kike la Kisukuma linaweza kukaa mbele na kumtambulisha kiongozi wa kitaifa.

Wabunge wenzao wa majimbo wanaonyesha upande wa pili. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2025 majimbo mawili ya Mkoa wa Mwanza yaliwakilishwa na watu wenye jina la mwisho la Mabula: Angeline Mabula wa Ilemela, aliyewahi kuwa Waziri wa Ardhi, na Stanslaus Mabula wa Nyamagana. Katika nafasi ya mwisho jina la kiume la mvua limebebwa na mwanamke na mwanamume sawasawa. Haliwezi tena kusema jinsia ya mwenye nalo, wala siku aliyozaliwa, wala bibi au babu aliyerithiwa. Limekuwa alama ya ukoo tu, kama Smith kwa Waingereza.

Kabula nalo linaweza kupita njia hiyo, lakini kwa shida zaidi, kwa sababu jina la mwisho kwa kawaida hutoka kwa baba au babu. Jina la kike halina njia rahisi ya kuwa jina la ukoo. Matokeo yake ni kinyume cha yanayotarajiwa: majina ya kiume ya Kisukuma yanadumu kwenye hati huku yakipoteza maana, na ya kike yanahifadhi maana huku yakiwa hatarini kutoandikwa. Msichana akiandikishwa Neema au Esta pamoja na majina ya baba na babu, nafasi tatu za fomu zimejaa, na Kabula linabaki kuwa jina la nyumbani.

Hata jina la Kisukuma linapoandikwa, karani mara nyingi huliandika kwa tahajia ya Kiswahili. Sauti ya ng'w, kwa mfano, hugeuzwa kuwa mw, kama ilivyotokea kwa Ng'wanamalundi, mtu mashuhuri wa masimulizi ya Usukuma, ambaye Watanzania wengi humjua kama Mwanamalundi.

Ulinganisho na Japani

Hali ya Lalago inaeleweka vizuri zaidi ikiwekwa kando ya nchi ambayo serikali yake iliingilia majina mapema. Japani ilianzisha daftari la familia la nchi nzima mwaka 1872, na mwaka 1875 ikaamuru kila raia awe na jina la ukoo. Majina ya kike ya huko nayo yana mambo ya majira. Yuki linaweza kuandikwa kwa herufi ya theluji, na Akiko kwa herufi ya vuli. Lakini Yuki mwingine huandikwa kwa herufi ya heri, na Akiko mwingine kwa herufi ya mwangaza. Wanawake wawili wanaoitwa sawa wanaweza kuwa na majina mawili tofauti kimaandishi. Daftari lilihifadhi maandishi hayo bila kuhifadhi matamshi, mpaka mwaka 2025 sheria ilipotaka matamshi nayo yaandikwe.

Tanzania imefanya kinyume: hati huhifadhi sauti, na maana huachwa kwa familia. Kabula wa mvua na Kabula wa bibi huandikwa kwa herufi zile zile sita. Tofauti nyingine iko kwenye ndoa. Sheria ya Japani huwataka wanandoa wawe na jina moja la ukoo, na idadi kubwa mno ya wanaobadili ni wanawake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kuchukua jina la mume. Kwa hiyo mwanamke wa Lalago haondolewi jina lake na sheria, ingawa desturi ya kumwita Mama Fulani hulifunika katika maisha ya kila siku.

Hitimisho

Kabula ni jina moja lenye njia tatu za kumfikia mwanamke: tukio la mvua, urithi wa bibi, na, kwa nadra, ukoo. Njia hizi haziwezi kutofautishwa kwa kamusi. Zinatofautishwa kwa kuuliza nani alimpa jina, nani katika ukoo aliwahi kuwa nalo, na linaandikwa katika nafasi ipi. Orodha za majina ya Kisukuma zinazotoa jina na tafsiri yake tu huchukulia kwamba kila mwenye jina amelipata kwa njia ya kwanza. Mfano wa Lalago unaonyesha kwamba njia ya pili ndiyo inayoeleza wingi wa wenye jina, na kwamba mustakabali wake utaamuliwa na nafasi ya kwanza ya fomu: kama wazazi wataiachia Kabula, au wataijaza jina la dini peke yake.